Injini ya Morris ya babu: nifufue ile ile au nitie ya Toyota?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, mama wa watoto wawili. Naomba unisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1961 alinunua Morris Minor ya paa la kukunja kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Kadi, ambayo bado iko kwa jina la babu, inasema gari ni la mwaka 1958. Marehemu baba alikuwa akitusimulia jinsi wao watoto walivyogombania kukaa pembeni nyuma, ili babu akikata kona wauone ule mkono wa kuashiria kona, wa rangi ya chungwa, ukichomoka ubavuni mwa gari kama sikio la punda. Babu akishaingia barabara mpya anausahau, na watoto hawamwambii.

Gari liliacha kutembea mwaka 1987. Lilikaa chini ya mwembe, baadaye likawekwa bandani, na nilipolitoa mwaka jana kulikuwa na kuku anaatamia kwenye kiti cha nyuma. Nimechukua mkopo wa milioni sita kwenye SACCOS yetu ya walimu. Bodi liko kwa fundi Ngamiani, ameshaanza kulikwangua. Tatizo ni injini. Imejamu, haizunguki hata kidogo, na sasa kila mtu amekuwa injinia.

Fundi wa bodi anasema tuitoe, tuweke 5K, injini ya Toyota Liteace. Kuna mtu Gerezani, Dar, anayo pamoja na gia boksi yake, milioni moja na laki nane. "Unawasha, unaondoka," ndiyo maneno yake. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anashughulika na magari ya bandarini, anasema hiyo 5K ni ya wazee, tuchukue 1NZ, injini ya Toyota IST iliyogongwa nyuma, VVT-i, na tutaweza hata kufunga AC. (Nilimuuliza AC ya nini kwenye gari lisilo na paa, akanuna.) Jirani yetu, mzee mstaafu wa karakana ya reli, anasema injini iliyomo ni ya sisi (cc) 948 na haijafa, imelala tu. Na baba mdogo, aliyeko Lushoto, amenipigia simu kusema nikitoa injini ya baba yake, hilo si gari la baba yake tena na yeye hatalipanda.

Matumizi yangu si makubwa. Jumapili nimpeleke mama Raskazone akapunge upepo, mara moja moja Pangani. Nataka likodishwe kwenye harusi ili lijilipie mkopo. Na kila mwaka sikukuu tunapanda Lushoto, nami nina ndoto ya kupanda nalo kama babu alivyokuwa akipanda.

Fundi wa bodi anataka jibu wiki hii. Ameshachora kwa chaki kwenye ule mhimili wa chini, chini ya gia boksi, mahali atakapokata "kipande kidogo" ili gia boksi ya Toyota ipite. Nimwambie nini?

Mjukuu wa Karani, Tanga

*

Marahaba, mwalimu.

Kabla hujamaliza kusoma, mpigie simu huyo fundi wa bodi umwambie aweke grainda chini. Chaki haina neno, itafutika. Grainda haifutiki.

Mhimili aliouchora si kipande cha bati cha kushikilia gia boksi tu. Morris Minor haina chesesi ya kujitegemea kama Land Rover; bodi lenyewe ndilo chesesi. Springi za mbele nazo si za koili. Ni fito mbili ndefu za chuma zinazojipinda, zinatoka kwenye magurudumu ya mbele zikirudi nyuma chini ya gari, na mikia yake imeshikwa na mhimili huo huo. Uzito wote wa mbele ya gari unaishia hapo. Wako mafundi waliokata na kujenga upya wakafanikiwa, lakini walipima, wakatengeneza kipande cha kuimarisha, na gari lilikuwa limeshikiliwa lisijipinde wakati wa kukata. Kipande kidogo cha chaki, siku ya Jumamosi, chini ya gari la wazi? Hapana.

Na neno "wazi" ndilo linalonitisha zaidi. Gari lenye paa la bati linashikiliwa juu na chini, kama boksi la viatu lenye kifuniko. Ondoa kifuniko, boksi linalegea. Kiwandani walijua hilo, wakaongeza vyuma ndani ya vizingiti vya milango na chini ya dashibodi kwenye yale ya paa la kukunja. Baada ya miaka sitini na kitu ya unyevunyevu wa Tanga, na kuku juu yake, vyuma hivyo vinaweza kuwa vimebaki jina. Fanya hivi. Funga mlango wa dereva, tazama uwazi uliopo kati ya mlango na nguzo ya nyuma yake. Tia kidole, au shilingi, uone unavyolingana juu na chini. Halafu mwambie fundi apige jeki chini ya kizingiti, karibu na gurudumu la mbele, anyanyue mpaka tairi liachane na ardhi. Tazama tena. Uwazi ukibaki vile vile, shukuru Mungu. Ukibana juu, au mlango ukagoma kufunguka, basi gari linakunjika katikati, na hela ya injini yoyote ile inapaswa kwanza iende kwenye vizingiti. Usikubali puti hapo. Puti haibebi gari.

Sasa injini.

Watu wanaokushauri wote wanatazama shimo la mbele, nalo linadanganya. Ukifungua boneti ya Minor unaona uwanja. Injini imekaa katikati, na pembeni mtoto anaweza kusimama akafua. Sababu yake ni ya kihistoria. Alec Issigonis alipolichora gari hili miaka ya 1940 alitaka liwe na injini ya silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili huku, pana kama meza. Injini hiyo haikuingia kiwandani. Gari lilipoonyeshwa London mwaka 1948 likapewa injini ya zamani ya silinda zilizosimama mstari mmoja, nyembamba, na nafasi ikabaki. Ndiyo maana toka siku hizo mpaka leo kila anayefungua ile boneti anasema, "Hapa inaingia yoyote." Kweli inaingia. Shida huanza nyuma ya injini: gia boksi, mhimili, propela, difu (gia za ekseli ya nyuma), breki. Huko hakuna aliyekuonyesha.

La kwako la 1958 lina 948 kama jirani yako alivyosema, na mzee huyo ninampa heshima yake. Injini hiyo ni ya ukoo wa A, ulioanzia kwenye Austin A30 mwaka 1951 ukiwa na sisi 803, ukakua hadi 948, 1098, mpaka 1275, na ukaendelea kutengenezwa kwa ajili ya Mini hadi mwaka 2000. Karibu miaka hamsini! Kwa hiyo spea zake hazijawa za makumbusho. Pistoni, ringi, beringi za krenki, gasketi, valvu, vyote vinatengenezwa vipya hadi leo na vinauzwa Uingereza, kwa sababu kule Minor bado zinatembea kwa maelfu. Ukiwa na ndugu anayesafiri, seti nzima ya ringi na beringi inaingia kwenye begi lake pamoja na viatu.

Kujamu si kufa. Injini iliyokaa miaka mingi mara nyingi imeshikwa na kutu kidogo tu kati ya ringi na silinda. Tatizo ni papara: mtu anafunga kamba kwenye pikapu, anavuta, anasikia "tak", na ringi imevunjika. Wewe toa plagi zote nne. Changanya dizeli na oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, mimina kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa kwenye kila tundu, funika kwa kitambaa, ondoka. Kaa wiki. Ongeza. Wiki ya pili tia spana kwenye nati ya puli ya krenki, ijaribu taratibu kwenda mbele na kurudi, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Ikisogea hata unywele, umeshinda. Isiposogea, toa hedi, na hapo utaona mwenyewe silinda ipi imeshika.

Ikishafunguka ndiyo uanze kupima, na hapa mjali fundi mwenye maikromita kuliko fundi mwenye maneno. Silinda ya 948 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 62.9. Ikiwa imelika, bloku linachongwa na unatia pistoni za oversaizi, yaani kubwa kidogo; zipo za ngazi kadhaa. Krenki nayo inachongwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata. Karakana za kuchonga za Tanga na Dar zinafanya kazi hii kila siku kwa injini za pampu na matrekta, hawataogopa Morris. Usisahau vile vizibo vya duara ubavuni mwa bloku. Vitoe vyote, tia bisibisi ndani, uone utakavyokokota tope jekundu. Babu alikuwa akijaza maji ya bomba, au ya mto, kama sisi sote. Tope hilo ndilo litakalochemsha gari siku ya harusi, bibi harusi akiwa amekaa nyuma na shela lake.

Jambo moja la lazima wakati hedi iko mezani. Injini hii ilizaliwa zama za petroli yenye risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu za eksozi. Kuanzia mwaka 2006 petroli hiyo imeondoka katika nchi zetu. Gari lako lilisimama 1987, halijawahi kuonja petroli ya sasa. Mwambie fundi wa hedi aweke viti vya chuma kigumu kwa zile valvu za eksozi. Ukiacha, utaendesha vizuri mwaka mmoja, halafu nguvu zitapungua polepole na hutajua kwa nini.

Bloku likiwa limepasuka, au silinda zimelika kupita oversaizi ya mwisho, chaguo langu la pili si Toyota. Ni kaka yake: 1098. Hii ndiyo Morris wenyewe waliifunga kwenye Minor kuanzia 1962. 948 ilikuwa na farasi 37, hii ina 48, na mvuto wake mlimani ni mkubwa zaidi. Inakaa kwenye maunti (vishikio vya injini) zile zile. Kwa nje anayeweza kuzitofautisha ni mimi na yule mzee wa reli. Ipate pamoja na gia boksi yake, maana klachi yake ni kubwa zaidi, na ukibahatika chukua na difu: uwiano wa gia zake kwa 948 ni 4.55, kwa 1098 ni 4.22, kwa hiyo kwenye lami tambarare ya kwenda Muheza injini haipigi kelele sana. Chukua pia breki za mbele za gari hilo hilo. Zile za 1958 ni ngoma za inchi 7. Kuanzia 1962 waliweka za inchi 8, na walikuwa na sababu. Ulizia pikapu na vani za Minor zilizooza bodi, hasa Korogwe, Moshi, na ng'ambo ya Horohoro kwa wenzetu wa Mombasa. Nyingi zimekaa nyuma ya nyumba za watu kama ya kwako.

Usidanganywe na mtego mmoja. Atatokea mtu atakuambia ana 1275 ya Mini, "ukoo ule ule, inaingia." Ukoo ni ule ule, kweli, lakini injini ya Mini imelala kwa upana wa gari na gia boksi yake iko chini yake, ndani ya oili ile ile. Nyuma yake haikutengenezwa kupokea gia boksi ya Minor. Ya 1275 inayokufaa ni ile ya magari yanayosukuma nyuma, kama Morris Marina au MG Midget. Na hiyo nisingeipa ngoma za inchi 7 hata kwa dawa.

Tuje kwa 5K. Siidharau. Ni injini ya chuma na uvumilivu, sisi 1486, krenki imeshikwa na beringi kuu tano wakati ya Morris ina tatu, na spea zake utapata hata Jumapili. Kama gari lako lingekuwa saluni, bila injini, na unataka la kwenda nalo kazini kila siku, tungezungumza. Lakini sikiliza anachokuuzia mtu wa Gerezani: injini na gia boksi ya Liteace. Kwenye Liteace dereva anakaa juu ya injini. Gia boksi yake inaendeshwa kwa vyuma vya kuunganisha kutoka mbali. Haina mkono unaotokea juu, pale unapotaka mkono wako uwe. Utahitaji gia boksi nyingine, ya Corolla za zamani zinazosukuma nyuma, na hizo zimeshakuwa adimu kuliko Morris yenyewe. Halafu maunti mpya, propela ikatwe na kusawazishwa, waya wa spidi mita hauendani. Kisha nguvu karibu mara mbili ya 948 zinashuka kwenye difu na haf-shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu ya nyuma) zilizotengenezwa kwa farasi 37. Haf-shafti za Minor zinajulikana kwa kukatika zikipewa injini kubwa, na haikatiki ukiwa gereji, inakatika ukiwa unapanda.

Kwa hiyo ile milioni moja na laki nane ni kiingilio. "Unawasha, unaondoka" ni kweli kwa Liteace.

Hata hivyo, ikitokea siku bloku la 948 halifai, 1098 umeitafuta mwaka mzima huipati, na umeamua Toyota, basi sharti langu ni moja: kisikatwe kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Kifuniko cha gia boksi kwenye Minor kimefungwa kwa skurubu, unakitoa kizima kwa ndani ya gari. Tengeneza kingine cha bati kwa umbo la Toyota, cha babu kiweke darini. Maunti zifungwe kwa bolti. Mhimili usiguswe mpaka umepata mtu aliyeshaufanya na akakuonyesha gari lenyewe.

Ya mdogo wako nitaisema kwa kifupi, maana ni kijana na sikukuu zinakuja. 1NZ ya IST imelala kwa upana na inavuta magurudumu ya mbele. Gari lako linasukuma nyuma. Ukiisimamisha kwa urefu, gia boksi yake haina pa kwenda. Inataka pampu ya mafuta yenye presha ndani ya tangi, inataka kompyuta, na kompyuta hiyo itakaa wapi? Chini ya dashibodi ya gari lisilo na paa, mwezi wa nne, mvua za masika. Nguvu zake ni karibu mara tatu ya gari lilivyozaliwa. Mwambie aiweke kwenye IST nyingine.

Umetaja Lushoto, na najua hapo ndipo moyo wako ulipo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilometa 30 za kona na makorongo, na unaishia kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari. Je, 948 itapanda? Babu yako alikuwa akipanda na nini? Nilipokuwa mwanagenzi Korogwe tulipanda na vani ya Minor yenye injini hiyo hiyo, watu wawili mbele na magunia ya saruji manne nyuma. Gia ya pili, spidi ya baiskeli, wenye Peugeot wanatupita wakipiga honi. Tulikwama mara moja tu, na si nguvu zilizotukwamisha. Ilikuwa saa saba mchana, pampu ya petroli imepata joto, mafuta yamekuwa mvuke. Bosi wangu alivua shati, akalilowesha mtoni, akaifunika pampu, akakaa pembeni akala muwa. Baada ya dakika kumi akawasha swichi. Ile pampu ya SU ina mlio wake, tak-tak-tak-tak, inaharakisha, inapunguza, halafu inanyamaza. Ikinyamaza ujue kabureta imejaa. Tukaondoka.

Panda alfajiri. Na ukishuka, shuka kwa gia ile ile uliyopandia, maana breki zako ni ngoma tupu bila buster (kifaa cha kuusaidia mguu wako kukandamiza breki). Nikikuambia ukweli, ningekuwa wewe ningeogopa kushuka kuliko kupanda. Masta silinda ya breki ya Minor imefichwa chini ya sakafu, miguuni pa dereva, ndani ya mhimili wa bodi, mahali ambapo maji yote ya barabarani yanafika. Ya kwako ina miaka zaidi ya thelathini bila kuguswa. Inunuliwe mpya, na vikombe vya magurudumuni vyote, na mipira yote. Hii si ya kusubiri mkopo wa pili. Ninaiweka mbele ya injini.

Kwenye harusi hakuna mteja atakayekuuliza sisi ngapi. Atauliza kama paa linafunguka na kama linang'aa. Msafara wa harusi unatembea mwendo wa jeneza, kwa hiyo rejeta itolewe ikapasuliwe isafishwe, na unaweza kuongeza feni ndogo ya umeme mbele yake. Dereva afundishwe kwamba gia ya kwanza haiingii gari likiwa linatembea. Asimame kabisa kwanza, la sivyo wageni watasikia mlio wa mashine ya kusaga. Na umeme: gari hili betri yake inafungwa kinyume na magari ya leo. Chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Fundi umeme asiyejua atageuza kwa nia njema, na MC atakayekuja kufunga redio yake ataiunguza. Andika kwa rangi nyekundu juu ya betri.

Limebaki la baba mdogo. Umeandika kadi iko kwa jina la babu. Mwalimu, gari hilo kwa sheria bado ni la marehemu, na baba mdogo ni mtoto wake. Kabla hujatumia shilingi nyingine ya SACCOS, kaeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, msimamizi wa mirathi apitishwe Mahakama ya Mwanzo, na gari liandikwe kwa jina lako kwa ridhaa ya wote. Huyo anayesema hatalipanda, siku likianza kuingiza hela za harusi atakumbuka kwamba ana fungu. Na namba ya injini iko kwenye kadi hiyo hiyo. Ukiweka injini nyingine inabidi TRA wabadilishe taarifa, na utaulizwa imetoka wapi. Injini ya Gerezani isiyo na karatasi itakutia kwenye mazungumzo na polisi. Ukibaki na 948 ya babu, namba inalingana, na baba mdogo anapanda. Mpe hata kazi: yeye ndiye atakayekuwa akimwagilia ile dizeli kila wiki, akishuka Tanga.

Zile milioni sita zigawe hivi kwa mawazo yangu: vizingiti na sakafu kwanza, breki pili, injini ya tatu, rangi na turubai la paa mwisho. Fundi wa bodi atataka kuanza na rangi kwa sababu rangi inakufurahisha nawe unatoa hela. Mkatalie kwa upole.

Ukishatoa hedi, nipigie picha nne, silinda moja moja, kwa karibu, na tochi ikimulika ndani. Na nipigie ya ule mkono wa kuashiria kona. Ukigoma kuchomoka, mara nyingi ni waya tu umekatika pale unapojikunja. Usiutupe ukaweka indiketa za pikipiki.